Dada Yangu, Mchezaji wa Wawili Wawili

Kariakoo huvai begi mgongoni. Ukilivaa mgongoni, hilo sio lako tena, ni la umma. Begi linakaa tumboni kama ujauzito, simu inakaa kiganjani, na ukisimama kupiga stori na mtu unatafuta kwanza ukuta wa kuegemea. Mimi nimezaliwa Magomeni nikakulia kwenye kibanda cha mama cha mapazia pale Kariakoo, kwa hiyo hilo somo nimelijua kabla sijajua a, e, i, o, u. Shule yenyewe nimeishia la saba. Nikaona nisiimalize yote, niwaachie na wengine.

Sasa nina dada. Kazi ya dada yangu ni kusimama karibu na wavu, amempa mgongo mtu anayepiga mpira kwa nguvu zake zote kutokea nyuma, na yeye hageuki. Mpira unapita hapa, usawa wa sikio, vuuu, macho yake yako mbele tu kama anasubiri chai. Nimemwona akifanya hivyo tangu niko mdogo na mpaka leo nywele zinanisimama. Mtu wa Kariakoo huyo! Mtoto wa mama yuleyule! Anatoa mgongo wake bure kabisa.

Ni tenisi, ila ya wawili wawili. Kucheza peke yake hajui na hataki kujua. Anasafiri nchi za watu, anacheza, analipwa, anarudi, na siku zote ni yeye na mwenzake upande mmoja, wengine wawili upande wa pili.

Ilianza shule ya msingi. Mwalimu wa michezo alipata raketi za msaada, na shule ilikuwa na kiwanja kimoja cha saruji chenye nyufa ambazo zilikuwa zinaota majani. Watoto walikuwa kibao. Mwalimu angewaweka mmoja mmoja, wengine wangecheza wakiwa na wajukuu. Akawa anaingiza wanne kwa mpigo, wawili huku wawili kule. Wenzake walipokua wakapelekwa kwenye viwanja vya maana mjini, wakatamani kila mtu na uwanja wake. Dada siku aliyopewa uwanja mzima alirudi nyumbani amenuna. Mama akamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, ni kama kulala peke yangu kwenye kile kitanda chetu. Unageuka, unageuka, humkuti mtu."

Mama akamwambia, "Basi omba wakurudishie watu." Ndivyo alivyofanya, na ikawa ndio maisha yake.

Mtaani hawakumwelewa. Yule fundi cherehani anayetushonea mapazia, jirani yetu wa kibanda cha kushoto, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Siku moja dada kapita na raketi zake, fundi akasema kwa sauti, "Huyoo, bingwa nusu! Nusu uwanja, nusu kikombe!"

Dada hata hakusimama vizuri. "Fundi, mkasi wako una makali mangapi?"

"Mawili."

"Toa moja halafu ukate kitambaa, nikuone."

Fundi akabaki na mkasi mkononi anautazama kama vile ndio kwanza wanajuana. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo fundi akawa shabiki wake namba moja, akaanza kuuelezea mtaa mzima tenisi ya wawili wawili, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona.

Dada alivyoanza kusafiri, Kigali, Harare, Kairo, Tunis, alikuwa anapiga simu kwa mama. Mama anaweka spika ya juu, mtaa unasikia. Dada anasema, "Mama, leo tumeingia nusu fainali." Mama anajibu, "Umekula?" Fundi kutoka kibandani kwake, "Mwambie avuke kwa kasi!" Mama wa viungo anayeuza binzari na iliki mbele yetu anauliza, "Huko kuna tangawizi nzuri?" Dada wa watu anacheka huko aliko, unamsikia kabisa kuwa anatamani angekuwa hapa anakunja mapazia.

Hapo kwenye kuvuka nieleze kidogo, maana ndio mchezo wenyewe. Mmoja yuko nyuma, anaanzisha mpira. Mwenzake, yaani dada, yuko mbele kwenye wavu, kampa mgongo. Kabla mpira haujapigwa, dada anaweka mkono nyuma ya kiuno na kutoa ishara ambayo wale wapinzani hawaioni, anaiona mwenzake tu. Ngumi maana yake nabaki upande wangu. Kiganja wazi maana yake navuka kwenda upande wako kuukata mpira wao njiani, wewe kimbia uje uzibe huku ninapotoka. Mwenzake asipokimbia, nusu ya uwanja inabaki wazi kama duka lisilo na mtu.

Watu wa tenisi wanadhani dada alifundishwa ishara na makocha. Kocha gani! Alifundishwa kibandani. Mama akiongea na mteja anasimama mbele, anatabasamu, mikono yote nyuma, na sisi tuko ndani tunasoma mgongo wake. Ngumi: huyu anapita tu, usijisumbue. Kiganja wazi: huyu mnunuzi, leta ile nzuri ya ndani haraka. Akishika pindo la kanga yake kwa nyuma akalivuta mara mbili: nyamaza, mteja ameshapenda, ukiongeza hata neno moja unamharibu. Mstari wetu wote wa vibanda pale unazijua ishara hizo. Wengine wameziiga kwa mama, mama anasema wengine wameziiba.

Basi. Mwaka jana mwenzake dada, aliyecheza naye tangu wako wasichana, bega likamwishia. Daktari akamwambia imetosha. Akarudi kwao Arusha, na dada akarudi Magomeni.

Nilidhani atapumzika kidogo aendelee. Sikujua. Alikuwa anakuja kibandani asubuhi, anakunja mapazia, anayakunjua, anayakunja tena. Nikamwambia, "Dada, si uende tu huko wanakocheza?"

"Nikacheze na nani?"

"Si watakupa mtu?"

"Mdogo wangu, hawagawi watu. Mimi bila mwenzangu sio mchezaji. Ni mtu tu mwenye raketi."

Mama akadakia, "Kwani ni kutafuta mchumba?"

"Afadhali mchumba," dada akasema. "Mchumba anaweza kukuvumilia hata kama hamwelewani. Uwanjani mnaonekana."

Akatafuta. Mmoja alikuwa na mtu wake tayari, mwingine alikuwa ameolewa akaacha. Mwishowe akampata binti mmoja wa Upanga, familia yao ya Kihindi ina duka la vioo pale Kisutu tangu enzi za babu yake. Binti mrefu, mkimya, anaanzisha mpira mpaka unauonea huruma mpira. Tatizo lake moja tu: alizoea kucheza peke yake. Akapiga, akasimama palepale katikati nyuma, kama mtu aliyewasha moto anauangalia. Hana habari kama kuna binadamu mbele yake.

Akamwambia dada, "Nitacheza na wewe mashindano haya ya hapa nyumbani. Yakiisha nitakwambia kama tunaendelea au narudi kwenye mchezo wangu."

Dada akakubali. Usiku tukiwa tunakula akamwambia mama, bila kulia wala nini, kama anaomba chumvi, "Huyu akikataa, mama, mimi naacha. Nitachukua kile kibanda cha pembeni, niuze mashuka." Mama akaendelea kutafuna, lakini nilimwona hamezi.

Wakashinda mechi za mwanzo kwa tabu, wakaingia fainali. Siku ya fainali mama alifunga kibanda mchana kweupe. Mama yangu! Mtu ambaye mafuriko yakijaa Jangwani na njia ikifungwa bado anatafuta pa kuzungukia afike Kariakoo! Fundi alivyoona mlango unashushwa akauliza, "Nani kafariki?" Alivyoambiwa ni fainali, akazima cherehani. Mama wa viungo akafunika magunia. Vijana wawili wa bodaboda wakasema watatupeleka na kukaa kabisa kutazama. Tukaingia pale klabu ya tenisi mjini kama tumekuja kuposa.

Wenyeji walikuwa wametulia kwenye viti vyao, miwani ya jua, chupa za maji. Sisi tulikuwa na mahindi ya kuchoma. Mwamuzi akasema, "Naomba utulivu." Mama wa viungo akaninong'oneza, na mnong'ono wake unasikika Gerezani, "Utulivu wa nini? Hata msibani watu wanaongea."

Tulikaa nyuma ya upande wa dada, mgongo wake unatutazama. Wapinzani walikuwa wadada wawili wa Nairobi, wako fiti, wanapeana mikono kila pointi.

Mechi ikaanza na mimi nikasahau hindi. Binti wa Upanga kapiga, mpira umepita pale sikioni kwa dada, dada hajatikisika. Halafu kabla yule wa Nairobi hajamaliza kurudisha, dada hayupo tena pale alipokuwa! Kavuka, kaukata mpira kwa mguso mdogo, paa, kama anamtoa mtu mbu begani, mpira umekufa upande wa pili. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Nimewaambia mimi? Nimewaambia?"

Sasa mama. Mama alikuwa kimya, macho hayabanduki kwenye mgongo wa mwanawe. Nikaona midomo yake inachezacheza. Dada kaweka kiganja wazi nyuma, mama akanishika mkono. Dada kavuka. Kaweka ngumi, kabaki. Kiganja, kavuka. Nikamwona mama uso unafunguka kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Jamani," akasema, "hizo si zangu?"

Na dada alipoweka kiganja tena, mama hakuweza kujizuia. Furaha ilimzidi. Akapiga kelele, "Leta ya ndaniii! Anavukaaa!"

Na mstari mzima wa Kariakoo, "Anavukaaa!"

Huko Kairo na Harare hiyo isingekuwa shida. Ila wadada wa Nairobi ni wa Kiswahili kama sisi. Yule wa mbele alitabasamu tu, akaupiga mpira pembeni, palepale dada anapotoka. Binti wa Upanga alikuwa bado nyuma katikati anautazama moto wake. Pointi ikaenda.

Ungedhani watajifunza. Wapi! Kila kiganja kikitoka, "Anavukaaa!" Wakibadilisha upande, watu wetu wanainuka na mahindi yao wanahamia upande huo ili wauone mgongo vizuri. Mwamuzi anaomba utulivu, fundi anamjibu, "Tumetulia mheshimiwa, tunaeleza tu." Mimi nilikuwa namvuta mama kanga, "Mama, wanasikia!" Anasema, "Wasikie! Ni mwanangu!" Seti ya kwanza ikapotea.

Walipokaa kupumzika tulikuwa karibu, nikasikia yote. Binti wa Upanga alikuwa mwekundu.

"Dada, hao watu ni wa kwako?"

"Ni mama yangu."

"Yupi?"

"Anayepiga kelele kuliko wote."

Binti akafuta uso. "Sasa tuache ishara. Wewe kaa mbele usivuke, mimi nitacheza mwenyewe huku nyuma, ndivyo nilivyozoea."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Maana hata mimi wa la saba nilielewa kuwa akicheza mwenyewe huko nyuma, dada pale mbele ni mlingoti wa bendera, na mechi ikiisha binti ataenda zake. Dada akamwambia, "Nipe gemu moja tu." Akainuka.

Akasimama kwenye wavu. Binti nyuma anadundisha mpira. Mama akavuta pumzi, kifua kimejaa, tayari kusaidia. Na dada, bila kugeuka, akapeleka mkono nyuma, akashika pindo la sketi yake, akalivuta mara mbili.

Aisee.

Mama alifunga mdomo kama mlango wa kibanda. Pumzi yote ikabaki ndani, akatoa macho. Fundi alikuwa ameshafungua kinywa, akakijaza hindi. Mama wa viungo akavuta mtandio akajiziba mpaka puani. Wale vijana wa bodaboda wakavua kofia, sijui kwa nini. Nimeishi Kariakoo maisha yangu yote na sijawahi kuisikia imenyamaza. Niliogopa. Ulikuwa unasikia mpira unavyodunda, unasikia viatu vinavyokwaruza, unasikia kunguru juu ya ukuta anavyokosoa. Watu wa miwani ya jua wakageuka kutuangalia, wakidhani tumeondoka. Na yule aliyefanya hayo alikuwa ametupa mgongo! Hakututazama hata kwa jicho la pembeni. Kashika kitambaa kwa vidole, umati umekwisha.

Nadhani binti wa Upanga naye aliona. Alisimama na mpira mkononi akatutazama, akautazama mgongo wa dada, akatutazama tena. Kisha dada akaweka kiganja wazi, na binti alipopiga, kwa mara ya kwanza hakubaki kuangalia. Alikimbia.

Seti ya pili sijui niielezeje. Mimi ni mtu wa maneno, naweza kumuuzia pazia mtu asiye na dirisha, lakini pale maneno yalikata. Huyu akitoka hapa, yule kashaingia. Huyu akirudi, yule kashahama. Hawasemezani, hawatazamani. Umeona mikono miwili inavyofunga kilemba kichwani bila kioo? Hakuna mkono unaouliza mwenzake uko wapi. Wakaishinda seti ile, na sisi tukapiga makofi kwa vidole viwili viwili, kwa kuogopa kupitiliza.

Ya tatu ikaenda bega kwa bega mpaka pointi ya mwisho, ile ukikosa umekosa. Binti anaanzisha. Dada yuko wavuni. Sote tunasubiri mkono.

Mkono hauji.

Mama akaninong'oneza kwa pumzi tu, "Hajasema kitu." Kweli, mikono yote iko mbele kwenye raketi. Mgongo mtupu, una jasho basi. Nikasema labda kasahau, labda kachoka. Binti akarusha mpira juu, akapiga, na palepale, pamoja, wote wawili wakaondoka! Dada kavuka kulia, binti kashuka kushoto, kana kwamba wamefungwa kamba moja. Mdada wa Nairobi aliupeleka mpira pembeni, kwenye nafasi ya wazi, ila nafasi ya wazi haikuwepo. Binti wa Upanga alikuwa kashafika, kanyoosha mkono wote, kaupiga.

Ukatoka nje. Kidogo tu, unene wa chapati. Wadada wa Nairobi wakarukiana, wakakumbatiana. Mechi ikawa imeisha, tumeshindwa.

Mama akakaa chini kwenye majani. "Nimemuua mwanangu," akasema. Fundi akamwambia, "Mama, tumemuua wote," na hiyo kwa fundi ni pole kubwa.

Pale kwenye viti vyao dada alikuwa anakunja taulo vizuri, ncha kwa ncha, kama pazia. Hakumuuliza binti kitu. Mimi nilitaka kwenda nimuulize, nimwombe, nimpigie hata magoti, mama akanifinya paja. Binti alikunywa maji yote ya chupa ndipo akasema.

"Ule wa mwisho hukunionyesha kitu."

"Sikukuonyesha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua," dada akasema. "Wewe ulijuaje?"

Binti akatafuta jibu, akainua mabega. "Sijui. Niliona tu unaenda."

"Nilikuwa sijaenda bado."

Wakatazamana. Mwili ulinisisimka tena, mchana wa jua kali. Nina akili zangu timamu na sijui mpaka leo yule binti aliona nini kwenye ule mgongo. Mimi niliuangalia uleule, nikaona jasho.

Binti akaja mpaka tulipo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe, nimewaharibia kazi."

"Ule mpira wa mwisho ni wangu, sio wako. Sikiliza mama. Mwezi ujao kuna mashindano Tunis. Naomba sana wewe ubaki hapa."

Mama alimtazama. "Kwani nani anaenda Tunis?"

"Mimi na huyu."

Mama hakushangilia. Nilimwona tu anameza, mara moja, kama vile lile tonge la siku ile ndio linashuka. Halafu akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea karibu na binti wa watu, akamuuliza taratibu, "Huko Tunis, wanajua Kiswahili?"

"Hawajui, mama."

"Basi nitapiga kelele zangu na hakuna atakayedhurika."

"Mama!" dada akasema kutoka kwenye kiti.

"Mama, hapana!" binti akasema, papo hapo, kwa pamoja. Wakaangaliana, wakaanza kucheka, na kabla hatujatoka getini walikuwa wameshaanza kubishana nani ataanzisha mpira wa kwanza huko.